Rivyu: pauchi ya BCID2 na disiki za RAST kwenye kalcha ya damu, wapi hela inafanya kazi na wapi inapotea

Niseme mapema ili asiye na muda wa kusoma yote aondoke na hili: BCID2 ni kitu kizuri, kinafanya kile walichosema kinafanya, ndani ya saa moja unajua mdudu gani yuko kwenye chupa ya damu. Ila kama maabara yenu ina hela ya kuchagua kitu kimoja tu mwaka huu, msianze na hicho. Anzeni na disiki za RAST (vidisiki vya karatasi vyenye dawa, vinavyokuonyesha siku hiyohiyo dawa gani inamzuia mdudu) na mtu wa kukaa zamu ya usiku. Najua mauzo hawatanipenda lakini nimevitumia vyote viwili kwa mikono yangu, nipo maabara ya hospitali hapa Tanzania, upande wa mikrobayolojia, na hakuna aliyenilipa kuandika.

Kwa ambao hamko maabara, mambo yanaendaga hivi. Mgonjwa ana homa, presha inashuka, daktari anahisi maambukizi yameingia kwenye damu, basi damu inatolewa na kuingizwa kwenye chupa zenye supu ya kukuzia bakteria, mtu mzima mililita 8 mpaka 10 kwa kila chupa, mtoto mdogo 1 mpaka 3. Chupa inaingia kwenye mashine kama BACTEC au BacT/ALERT, inakaa kwenye joto, inachezeshwachezeshwa, mpaka siku 5. Bakteria wakikua wanatoa kaboni dayoksaidi, sensa iliyo kwenye kitako cha chupa inaona mabadiliko, mashine inapiga kelele. Hapo sasa kwa njia ya zamani ndo kwanza safari inaanza, unapaka rangi ya Gram inayogawa bakteria kuwa Gram chanya na Gram hasi, unaotesha kwenye pleti, kesho yake unaangalia koloni na kufanya vipimo vya kumtambua, unaweka disiki za dawa, keshokutwa ndo unasoma. Siku mbili tangu chupa ilie, na ikiangukia Ijumaa jioni ni tatu na zaidi, na muda wote huo mgonjwa anachomwa seftriaksoni kwa kukisia.

Na kukisia kunaua watu. Utafiti uliofanyika Muhimbili kwa watoto, ukachapishwa 2007, ulikuta waliokuwa na bakteria wa Gram hasi kwenye damu walikufa asilimia 43.5, wakati waliokuwa na malaria ilikuwa 20.2. Zaidi ya mara mbili ya malaria! Na dawa kutokumgusa mdudu ilikuwa mojawapo ya vitu vilivyoendana na kifo. Kwa hiyo mtu akisema vipimo vya haraka ni anasa ya Wazungu namwambia akakae wodi ya watoto wachanga wiki moja.

Haya, pauchi yenyewe. BCID2 inatengenezwa na BioFire ya Salt Lake City kule Marekani, kampuni iliyonunuliwa na bioMérieux ya Ufaransa mwaka 2014. Ni kipakiti cha plastiki bapa chenye reagenti zilizokaushwa ndani. Unakiweka kwenye stendi yake, unachomeka kichupa cha bluu chenye maji upande wa bluu na pauchi inanyonya yenyewe kwa sababu ndani ina vakyumu, huna haja ya kusukuma chochote. Halafu unachukua mikrolita 200 kutoka kwenye chupa iliyolia, unachanganya na bafa kwenye kichupa chekundu, unachomeka upande mwekundu, inanyonya tena. Bluu kwa bluu nyekundu kwa nyekundu, hata mtu wa saa kumi alfajiri aliyechoka hadi macho yanaona mawili mawili hakosei. Ukiingiza kwenye mashine unasikia inaunguruma, hizo ni shanga ndogondogo zinawapasua bakteria watoe DNA, baada ya hapo inapiga PCR, yaani kunakili hiyo DNA mara nyingi, mara mbili mfululizo na kusoma. Wanasema kazi ya mkono ni dakika 2. Ni kweli ukianza kuhesabu pauchi ikiwa tayari mezani, ila hawahesabu kuvaa glavu mpya, kusafisha kizibo kwa spiriti, kufanyia kazi ndani ya kabati la usalama linalomkinga mtu na wadudu, na kuandika rejista.

Saa moja baadaye unapata karatasi yenye vitu 43: bakteria 11 wa Gram chanya, 15 wa Gram hasi, fangasi 7 wa jamii ya hamira, na jeni 10 za usugu. Kwenye hizo jeni kuna mecA/C inayokwambia stafilokoka hii ni ile sugu, vanA/B ya enterokoka, CTX-M ambayo ikionekana seftriaksoni sahau, zile za kuvunja meropenem kama KPC, NDM, VIM, IMP na OXA-48, na mcr-1 ya kolistini.

Kitu kilichonifurahisha zaidi wala sio wadudu wakali, ni ule uchafu wa ngozi. Kwetu chupa nyingi zinazolia ni stafilokoka za ngozi zilizoingia kwa sababu mtu alipaka spiriti na kuchoma sindano papo hapo bila kusubiri ikauke. Zamani ukipiga simu wodini "kuna Gram chanya zenye vishada" daktari anaanzisha vankomaisini halafu mnakaa siku mbili mkisubiri. Sasa hivi ndani ya saa moja unamwambia ni Staphylococcus epidermidis, chupa moja tu kati ya mbili, mtoto anacheza na kula, na daktari anatulia. Dawa haijaanzishwa, kanula haijachomwa, mama anarudi nyumbani. Hiki hakipo kwenye matangazo yao kwa ukubwa unaostahili aisee.

Sasa mapungufu, na hapa nitakaa kidogo maana ndipo watu wanapodanganyika.

Kwanza, jeni kutokuonekana sio kwamba dawa inafanya kazi. Hili naliandika kwa kalamu nyekundu kwenye kila jibu. Acinetobacter wa huku kwetu anayekataa meropenem mara nyingi anabeba OXA-23, na OXA-23 haimo kwenye hiyo listi ya jeni. Kwa hiyo karatasi inakuja "Acinetobacter, jeni za kabapenemu hazijaonekana", yaani zile za kuvunja dawa za kundi la meropenem, daktari mgeni anasoma anafurahi anaandika meropenem, na mdudu anaogelea tu. Pseudomonas naye anaweza kuziba milango yake mwenyewe dawa isiingie bila kuwa na jeni hata moja kati ya hizo.

Pili, pauchi iko kimya kabisa kwa jentamaisini, amikasini na siprofloksasini. Na kwa mtoto mchanga mwenye sepsisi dawa za mwanzo ni ampisilini na jentamaisini, hicho ndicho kilichopo kwenye mwongozo na ndicho kilichopo kwenye kabati. Daktari wa wachanga akinipigia anaulizaga swali moja tu, "jenta inafanya au haifanyi?" Mashine ya mamilioni haina jibu la hilo. Imemtambua Klebsiella, imeona CTX-M, vizuri, tumejua seftriaksoni haifai, lakini tumpe nini? Hapo unarudi kwenye disiki.

Tatu, Salmonella inakwambia Salmonella basi, haisemi kama ni Typhi au hizi nyingine zinazowapata watoto wenye malaria na utapiamlo. Angalau hii Salmonella imetoka kwenye damu kweli, siyo ile ya kipimo cha Widal ambayo nusu ya mtaa ina "taifodi" kila mwezi. Brusela, bakteria wa mifugo anayeweza kumwambukiza mtu wa maabara kwa hewa, haimo kabisa, kwa hiyo wenzangu wa mikoa ya wafugaji, chupa ikilia siku ya nne, rangi ya Gram ikaonyesha vijiti vidogo sana hafifu na pauchi ikasema hakuna kitu, msifungue pleti mezani mkaanza kunusa. Fanyeni ndani ya kabati la usalama.

Nne, inasoma DNA, na DNA ya mdudu aliyekufa ni DNA vilevile. Supu ya kwenye chupa inaweza kuwa na mabaki ya bakteria waliokufa kiwandani na pauchi ikayaokota. Ikikwambia kuna wadudu wawili na kwenye Gram unaona mmoja tu, amini macho yako kwanza. Gram haijafutwa na hii mashine, wala kuotesha hakujafutwa, kila chupa inaendelea na njia ya kawaida pembeni.

Kwa hiyo tuje kwenye RAST, ambayo kwangu ndo mshindi japo haina mwanga wala skrini. Hii sio mashine, ni mbinu, ilitolewa na EUCAST, ile kamati ya Ulaya inayopanga vipimo vya usugu, mwishoni mwa 2018. Wazo lenyewe rahisi mpaka unajiuliza kwa nini hatukuwa tunafanya hivyo zamani. Badala ya kusubiri koloni ziote kesho, unachukua supu ya chupa iliyolia bila kuizimua, mikrolita 100 mpaka 150, unaisambaza kwenye pleti ya Mueller-Hinton, unaweka disiki, unaingiza inkubeta, unasoma baada ya saa 4, 6 na 8. Siku hiyohiyo. Chupa ikilia saa mbili asubuhi, mchana unajua kama jenta inafanya.

Ukisoma saa ya 4 mara ya kwanza utadhani pleti haijaota. Kuna ukungu mwembamba tu, na kwa sababu umesambaza damu yenyewe pleti ina rangi ya kahawia kidogo. Toa kifuniko, isogeze kwenye taa, igeuzegeuze taratibu mpaka mwanga ugonge sawasawa, ndo unauona ukingo, kama mtu aliyepumua kwenye kioo akaacha duara safi katikati. Unapima kipenyo cha hilo duara, yaani pale dawa ilipomzuia mdudu, kwa kalipa haraka, unarudisha ndani isizidi dakika 10 nje, maana pleti ikipoa ukuaji unasimama na kipimo cha saa ya 6 kinaharibika. E. coli na Klebsiella wanasomeka mapema. Pseudomonas usimhangaikie saa ya 4, yeye ni wa saa 6 na 8. Ukingo usipoonekana usikisie, andika haijasomeka, rudisha.

Kuna vitu viwili vinawakwamisha watu wa huku na sijaona anayevisema vizuri. Cha kwanza ni disiki zenyewe. Maabara nyingi za Tanzania na Kenya zimekulia kwenye CLSI, mwongozo wa vipimo vya usugu wa Wamarekani, na disiki zilizo kwenye friji ni za CLSI. Sefotaksimu ya CLSI ni mikrogramu 30, ya EUCAST ni 5. Seftazidimu 30 kwa 10. Ukichukua jedwali la RAST ukalisoma kwa disiki ya 30 utasema dawa inafanya kumbe haifanyi, na hapo umemuumiza mtu kwa kasi. Jenta 10, sipro 5 na meropenem 10 zinafanana pande zote, kwa hiyo hizo tatu ukiwa nazo unaweza kuanza leo bila kununua kitu, zilizobaki agiza za EUCAST uziweke kwenye boksi tofauti lenye maandishi makubwa. Au fuata njia ya CLSI wenyewe, nao siku hizi wana yao ya kuweka supu moja kwa moja, inasomwa kuanzia saa 8 mpaka 10, lakini chagua moja, usichanganye.

Cha pili, majedwali ya RAST yanategemea jina la mdudu. Vipenyo vya E. coli sio vya Acinetobacter. Mwenye MALDI-TOF, mashine inayomtambua mdudu kwa protini zake, anaotesha saa chache anapata jina siku hiyohiyo, mwenye BCID2 analipata kwa saa moja, pasipo na hivyo viwili, au chupa isiyofunguliwa pauchi, tunajibana kwa vipimo vya kutambua vya zamani: koagulesi ya tyubu moja kwa moja kutoka kwenye chupa kwa zile zenye vishada, oksidesi na indoli kwenye ukuaji wa saa 5 au 6 kwa Gram hasi. Sio kamili. Lakini kipenyo ulichopima saa ya 6 kiandike kwenye rejista, jina likija unakitafsiri, hakijaharibika. Na kuna lile eneo la mashaka katikati ambalo wameliweka makusudi, kipenyo kikiangukia humo hutoi jibu, unasubiri kusoma tena. Wapo wanaoona ni usumbufu, mimi naona ni uungwana, kuliko mashine inayokupa S (dawa inafanya) au R (haifanyi) kwa kujiamini hata pale haina uhakika. Wenye zamu za mchana tu pia msikate tamaa, EUCAST waliongeza kusoma baada ya saa 16 mpaka 20, yaani unaweka jioni unasoma asubuhi ukifika, bado umeokoa siku nzima ya kusubiri koloni.

Bei. Pauchi moja ya BCID2 ni zaidi ya dola 100 kabla hujaongeza usafiri, ushuru na faida ya sapulaya, na moduli moja inafanya sampo moja kwa wakati, kwa hiyo zikilia chupa tatu kwa pamoja mbili zinasubiri foleni. Zinakuja boksi la 30 na zinatakiwa zikae kati ya nyuzi 15 na 25. Wanaita hiyo joto la chumba, ni chumba cha kwao. Dar mwezi wa pili stoo bila AC ni 32, kwa hiyo hesabu na AC ya stoo na genereta ya hiyo AC. Pleti ya Mueller-Hinton na disiki sita, hata ukizinunua kwa bei ya kulaliwa, hazifikii sehemu ya kumi ya hapo.

Sasa lile linalonikera kuliko yote, na halihusu bioMérieux wala EUCAST. Saa moja ya pauchi inaanza kuhesabiwa pale chupa inapolia. Nyuma yake hakuna anayehesabu. Kuna hospitali naijua, siitaji, damu inatolewa saa mbili usiku, chupa inakaa kaunta ya mapokezi mpaka asubuhi kwa sababu wa zamu hana ufunguo wa chumba cha kalcha. Saa kumi na mbili zimepotea bure, halafu asubuhi tunakimbia na pauchi ya dola 100 kuokoa saa ishirini na nne! Kuna chupa zinakuja na mililita 3 za damu ya mtu mzima, bakteria wenyewe kwenye mililita wanaweza kuwa wachache kabisa, ukitoa damu kiduchu hakuna cha kupima hata mashine iwe ya mwezini. Kuna mgonjwa ameshameza azuma na sipro za duka la dawa wiki nzima, na akifika wodini anachomwa seftriaksoni kwanza, kalcha wanakumbuka kesho yake. Chupa zenye resini zinanyonya kiasi cha dawa, zinasaidia, hazifanyi miujiza.

Na mbele yake pia. Nimeona jibu la NDM limetoka mchana likalala kwenye mfumo mpaka raundi ya kesho asubuhi kwa sababu hakuna aliyenyanyua simu. Hili hata Marekani wameliona. Mwaka 2015 Mayo Clinic walitoa majaribio ya wagonjwa zaidi ya 600 wakitumia pauchi ya kizazi cha kwanza ya haohao BioFire. Kundi la njia ya kawaida walichukua kama saa 34 kupunguza dawa kali, kundi la pauchi peke yake 38, na lile la pauchi pamoja na mtaalamu wa kufuatilia dawa aliyekuwa anapigia madaktari, saa 21. Ona hapo, pauchi bila mtu wa simu haikupunguza chochote kwenye hilo. Vifo havikutofautiana kati ya makundi. Mgonjwa wa pale Mayo lakini anaanza na dawa nzuri tangu mwanzo, wetu anaanza na iliyopo, kwa hiyo sidhani hilo la vifo linahamishika moja kwa moja kuja huku, ila la simu linahamishika bila kubadilisha hata nukta.

Sisi tulivyopanga sasa hivi: kila chupa ya Gram hasi inapata RAST, bila mjadala. Pauchi inafunguliwa kwa ICU, wachanga, na zile za vishada zilizolia kwa mgonjwa mwenye hali mbaya. Hamira ikionekana kwenye Gram pauchi inafunguliwa pia, maana huko RAST haisaidii. Mkuu wa wodi ana namba ya simu ya zamu yetu na sisi tuna yake, jibu halihesabiki limetoka mpaka jina la aliyelipokea limeandikwa pembeni.

Nyota: BCID2 naipa 4 kwa kazi yenyewe, 2 kwa bei ya huku. RAST naipa 5 na ninatoa nusu kwa sababu ya ule mkorogano wa disiki.

Kama bado mnaitaka mashine, na kwa hospitali kubwa yenye ICU sikukatazi, kabla hamjasaini mwulizeni sapulaya pauchi atakazoleta zinaisha muda lini, maana boksi likifika limebakiza miezi mitatu na nyie mnatumia pauchi nne kwa mwezi mmeshakula hasara. Waulizeni moduli ikifa injinia anatoka Nairobi au anatoka Ulaya na mpaka aje mnakopeshwa nyingine au mnakaa tu. Waulizeni na chupa, maana 2024 chupa za BACTEC ziliadimika dunia nzima na bila chupa pauchi haina cha kunyonya. Na msidharau swali la kampuni yenyewe kama itakuwepo: Accelerate Pheno, ile mashine iliyokuwa inatoa jina la mdudu na kiwango cha dawa kinachomzuia ndani ya kama saa 7, FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, waliipitisha 2017 na kila mtu aliisifia, 2025 kampuni ikaomba ulinzi wa mufilisi. Majibu yote yawe kwenye mkataba kwa maandishi, ya mdomo kwenye chai hayahesabiki.